Kabla hujapakia mzigo, uliza jeki iko wapi

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, lori aina ya Canter lililobeba mifuko 80 ya saruji kutoka Kigoma lilipata pancha kwenye mteremko wa Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, hatua chache kabla ya kufika kwenye nyumba iliyokuwa ikingoja mzigo huo. Nilikuwa pale na mwenye mzigo, mama mmoja mfanyabiashara niliyemfuata kwa habari nyingine kabisa, habari ya ushuru na stakabadhi. Nusu saa baadaye hakuna aliyekuwa akikumbuka ushuru.

Pancha ilikuwa kwenye tairi la ndani, nyuma upande wa kulia. Wanaosafiri na magari haya wanajua maana yake: unafungua tairi mbili ili ubadilishe moja. Dereva alivuta handbreki, akaingiza gia namba moja, akazima injini. Utingo wake, kijana ambaye sidhani kama amefika miaka ishirini, akaokota mawe mawili yenye ukubwa wa ngumi na kuyasukuma nyuma ya tairi za mbele. Jeki ya lori ilikuwa imekufa siku nyingi, inavuja. Wakaazima nyingine kwa dereva wa Probox aliyekuwa akipita, jeki ndogo ya mafuta, ubavuni imeandikwa tani 2. Ilikuwa fupi, kwa hiyo ikawekwa juu ya matofali matatu yaliyotolewa pale pale kwenye ujenzi. Kijana akapiga mpini, gari likapanda, tairi zote mbili zikatoka, ikabaki ngoma ya breki inaning'inia.

Kisha kijana akaona kitu kwenye springi ambacho hakukipenda. Akalala chali, akajisukuma chini ya gari.

Nyumba ya pili kutoka pale anakaa mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi Buyenzi maisha yake yote. Asiyeijua Buyenzi na aulize: ndiko Bujumbura inakotengenezewa magari, na ndiko Kiswahili cha jiji hili kinakozungumzwa tangu asubuhi mpaka usiku. Mzee alifungua geti, akatazama mara moja, akapaza sauti.

“We kijana, toka huko chini. Toka kwanza, tutaongea ukishatoka.”

Kijana akatoka akinung'unika. Mzee akaagiza tairi bovu lilazwe chini ya chesisi, karibu na jeki, na tairi zima liwekwe juu yake. Mama akalalamika kwamba wajenzi wanamngoja na anawalipa kwa siku. Nami, naandika hili bila kujisifu, nikamwambia mzee, “Ni dakika mbili tu, mzee wetu.” Hakunijibu. Wakati huo vijana wawili wa kubeba mizigo, waliosikia mama anavyohimiza, walikuwa wameshapanda nyuma ili waanze kushusha saruji.

Gari lilirudi nyuma kiasi cha shibiri moja. Hilo tu. Jeki ikalala, tofali likapasuka katikati, na lori zima likakaa juu ya zile tairi mbili kwa mlio ambao sijui niufananishe na nini. Vumbi la saruji lilipotulia, kijana alikuwa amesimama anapatazama mahali alipokuwa amelaza kifua chake.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameweka handbreki, gia na mawe, na kila mtu aliamini kwamba hiyo inatosha. Dereva alisema ana miaka kumi na mbili barabarani na hajawahi kuangusha gari. Mzee wa Buyenzi alimweleza jambo ambalo ningependa kila anayekodi gari alisikie.

Kwenye malori mengi madogo ya aina hii, handbreki haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu. Na difu imeundwa ili gurudumu la upande mmoja liweze kuzunguka tofauti na la upande wa pili, gari lisije likaburuta tairi linapokata kona. Sasa inua gurudumu moja la nyuma juu. Shafti imeshikwa, ndiyo, lakini gurudumu lililo hewani liko huru kuzunguka kinyume, na likizunguka linampa mwenzake aliye chini ruhusa ya kubiringika. Gia nayo ni hivyo hivyo, kwa kuwa inashika shafti ile ile. Kwa maneno mengine, dakika ile unayoinua upande mmoja wa nyuma ndiyo dakika ambayo breki uliyoitegemea inaacha kazi. Linalobaki kuzuia gari ni kabari zilizo chini ya tairi nyingine. Na kabari zetu zilikuwa mawe mawili ya ukubwa wa ngumi.

Tuje kwenye jeki yenyewe. Nguvu yake inatoka kwenye kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukibana maji au mafuta yaliyofungiwa, msukumo unasambaa sawasawa kila upande. Ndani ya jeki mna pistoni ndogo na pistoni kubwa. Kama ndogo ina upana wa sentimita 1 na kubwa sentimita 4, eneo la kubwa ni mara 16 ya ndogo. Weka na mpini unaozidisha nguvu ya mkono mara 15, na mtu anayesukuma kwa uzito wa kilo 10 tu anainua kilo 2,400, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Mwaka 1851 fundi mmoja wa New York, Richard Dudgeon, alipata hataza ya jeki ya kubebeka inayotumia kanuni hii, na mpaka leo zile zinazouzwa madukani Kigoma, Kampala na Bujumbura bado ni mtoto wa ile ile.

Lakini angalia kinachoushikilia uzito huo ukishaacha mpini: raba ya duara na kijigololi cha valvu kinachozuia mafuta yasirudi. Punje ya mchanga ikikaa chini ya kigololi, mafuta yanarudi. Raba ikikauka, mafuta yanapita pembeni. Jeki inaweza kushuka taratibu bila mtu kuona, au kushuka kwa mara moja. Hata jeki mpya imeundwa kuinua, haikuundwa kushikilia gari wakati mtu yuko chini yake. Kazi ya kushikilia ni ya stendi za chuma, zile ambazo mafundi wa Bujumbura, kwa Kifaransa chao cha gereji, wanaziita chandelle, yaani mishumaa, na jeki wanaiita kriki. Stendi haina mafuta wala raba. Inasimama, basi.

Na kuna tabia moja ambayo nimeiona kwenye vituo vingi vya malori: jeki ikipungukiwa mafuta, watu wanamimina mafuta ya breki kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Mafuta ya kawaida ya breki hayapatani na raba za jeki. Yanazivimbisha na kuziharibu, na jeki iliyojazwa hivyo leo inaweza kuinua vizuri kesho na kukuangusha mwezi ujao. Kuna mafuta ya jeki, na chupa ndogo inatosha muda mrefu.

Turudi kwenye hesabu za Kinanira, kwa sababu wafanyabiashara hesabu tunazijua. Mifuko 80 ya kilo 50 ni tani 4. Lori lenyewe halipungui tani 2 na nusu. Jumla ni tani 6 na nusu, na ekseli ya nyuma ndiyo inayobeba sehemu kubwa, zaidi ya tani 4. Upande mmoja wa ekseli hiyo ni zaidi ya tani 2. Jeki ilikuwa ya tani 2. Tena ile namba ubavuni inahesabiwa jeki ikiwa imesimama wima, juu ya kitu kigumu, kwenye usawa. Sisi tuliiweka juu ya matofali, kwenye mteremko. Tofali ni gumu kwa ukuta unaokandamiza pote. Ukiliwekea chuma chembamba katikati linapasuka bila kutoa taarifa. Kinachotakiwa chini ya jeki ni kipande cha mbao nene na ngumu, mkaratusi mkavu unafaa, tena kipana kuliko kitako cha jeki.

Mama yule ana kila karatasi. Anajua kwamba mzigo wa asili ya Jumuiya usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi cha uasilia. Anaijua kadi ya njano ya bima, anajua mizani, anajua kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari kubwa kuliko yote na tani 8 kwa ekseli ya usukani. Anapokodi lori anakagua leseni, turubai, hata tairi. Nilimuuliza kama amewahi kumwambia dereva amfungulie kisanduku cha vifaa. Hajawahi. Nimewauliza wengine tangu siku ile, wanaovuka Mugina kwenda Manyovu, wanaovuka Kobero, wanaokwenda Uvira kupitia Gatumba. Jibu ni lile lile: hayo ni mambo ya dereva.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Jeki mbovu ni ya mwenye gari, sawa, sikatai. Lakini haraka ni ya nani? Dereva akipata pancha, anayempigia simu kila dakika tano ni mwenye mzigo. Anayesema soko linafungwa, mpaka unafungwa, nyanya zinaoza, wajenzi wanangoja, ni mwenye mzigo. Utingo analala chini ya gari lisilo na stendi kwa sababu kukusanya mawe makubwa kunachukua robo saa na kushusha nusu ya mzigo kunachukua saa nzima, na hakuna aliyempa hiyo saa. Tena yeye ndiye mwenye ujira mdogo kuliko wote kwenye msafara ule, na mara nyingi hana mkataba wala bima inayomtaja kwa jina. Akivunjika mguu upande wa pili wa mpaka, hospitali inauliza nani analipa, na mara nyingi watu wote wanatazamana.

Najua jibu jingine litakalokuja: basi serikali ziweke sharti, kila gari likaguliwe jeki na stendi mpakani. Sitaki. Tumepambana miaka mingi kupunguza meza za ukaguzi. Burundi iliingia kwenye Jumuiya mwaka 2007, tukapata kituo cha pamoja cha forodha pale Kobero na Kabanga, na bado mfanyabiashara analalamika kwamba barabarani anasimamishwa mara nyingi mno. Ukiongeza afisa wa kutazama jeki, utakuwa umeongeza mtu wa kupewa chai, na jeki mbovu itapita kama ilivyopita jana. Hili ni jambo ambalo mwenye mzigo anaweza kulimaliza mwenyewe asubuhi, kabla mfuko wa kwanza haujapanda, kwa sababu wakati huo pesa bado iko mkononi mwake. Lori lisilo na vifaa lisipakiwe. Wenye magari watanunua vifaa ndani ya mwezi mmoja, na gharama ya jeki ya uzito unaostahili, stendi mbili na kabari nne haifikii kodi ya safari moja ya Kigoma na Bujumbura.

Vifaa vyenyewe navyo visidanganye mtu. Stendi ziwe na maandishi ya tani, na zisiwe zile zilizochomelewa mtaani kwa bomba jembamba. Kabari ziwe za mbao zilizochongwa mshazari, kubwa, za kutosha kuzuia tairi mbele na nyuma. Dereva aliye makini atakulegezea nati gari likiwa bado limekaa chini, ndipo apige jeki, kwa sababu kuning'inia kwenye spana ya tairi wakati gari liko juu ni kulitikisa kwa makusudi. Ataweka jeki chini ya ekseli au mahali mtengenezaji alipopaonyesha, atainua kiasi kinachohitajika na si zaidi, na hatamruhusu mtu yeyote kubaki garini, wala kupanda, wala kushusha mzigo. Kushusha mzigo ni kabla ya kuinua. Siku ile Kinanira tulifanya kinyume.

Mteremko nao unahitaji neno lake, maana nchi hii ni ya milima. Barabara ya Taifa namba 1 inaondoka Bujumbura, ambayo iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kufika Bugarama, juu ya mita 2,000, ndani ya kilomita zisizofika 40. Pancha ikikukuta pale, ushauri wa kutafuta usawa unaonekana kama mzaha. Lakini kutembea taratibu na tairi bovu mita mia mbili mpaka penye upana na usawa ni kuharibu tairi ambalo tayari limeharibika. Tairi linanunuliwa. Nimesikia madereva wakibishana kuhusu hili kana kwamba tairi ndilo mwanao.

Halafu kuna jambo ambalo ni letu sisi wa kuvuka mipaka peke yetu. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Burundi, Rwanda na Kongo hupita kulia. Utingo wa Kigoma amezoea kwamba gari likiegeshwa pembeni, tairi za kushoto ndizo zilizo upande wa majani, salama, na za kulia ndizo zinazopitiwa na magari. Akivuka Mugina, mambo yamegeuka. Sasa tairi za kushoto ndizo zilizo upande wa lami, na yeye anapiga magoti pale kwa mazoea ya nyumbani, mgongo wake ukiwa njiani. Wa Ngozi au Gitega anayekwenda Kahama anakutana na mtego huo huo kwa upande mwingine. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali nyuma ya gari, mbali zaidi kama kuna kona au mteremko, na pawepo mtu wa kutazama barabara ambaye hana kazi nyingine. Matawi ya miti tunayoyatandaza barabarani yanasaidia mchana, usiku hayaonekani. Na mawe mliyoyatumia, jamani, yatoeni mkiondoka. Nimepita sehemu ambazo lori liliondoka jana na mawe yake bado yanangoja pikipiki ya leo.

Barabara ya kusini inatengenezwa vizuri zaidi kuliko zamani. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika uliunganisha kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania, ili mzigo upite kandokando ya ziwa bila kuzunguka. Lami nzuri inaleta mwendo mkubwa zaidi na mizigo mizito zaidi, na pancha haiishi kwa sababu ya lami.

Siku ile Kinanira, mzee wa Buyenzi hakukubali gari liinuliwe tena mpaka mifuko yote ishuke. Ilichukua saa moja na robo, na mama alilipa wajenzi wake siku nzima kwa kazi ya nusu siku. Mzee alileta jeki yake, ya tani 10, na vipande viwili vya mbao vyeusi kwa mafuta ya miaka. Hakutaka malipo. Alichotaka ni kwamba kijana apige jeki mwenyewe, mbele yake, tangu kabari ya kwanza mpaka nati ya mwisho, na alipokosea alimrudisha mwanzo. Dereva alisimama pembeni akitazama, mikono mfukoni, na baadaye akauliza mbao kama zile zinapatikana wapi.

Nilimpigia mama simu wiki iliyopita kwa ile habari ya ushuru ambayo mpaka sasa sijaiandika. Alikuwa Kigoma, anapakia. Alisema nimngoje kidogo, akaniacha hewani, na nikamsikia akimwambia mtu, “Hapana baba, hii ni kabari moja. Nyingine ziko wapi?”